Ukiita python3, Nani Anaitika?

Mtu anasakinisha toleo jipya la programu. Kazi inaisha salama, hakuna ujumbe wowote wa kosa. Anafungua terminali, anaandika `python3 --version`, na kompyuta inamtajia namba ya toleo lile lile la zamani. Anafuta, anapakua tena, anasakinisha upya. Bando linakwisha na jibu halibadiliki. Mwisho anaamini kwamba faili alilopakua ni bovu, au kwamba mfumo mzima unahitaji kufutwa na kuwekwa upya.

Mara nyingi toleo jipya limo humo humo ndani ya kompyuta, zima na tayari kwa kazi. Kilichotokea ni kwamba jina liliitwa na mwingine akawahi kuitika. Darasa likiwa na akina Juma watatu, mwalimu akiita "Juma!" bila jina la baba, anayesimama ni yule aliyesikia kwanza, hata kama mwalimu alimkusudia aliyekaa nyuma. Kumleta Juma wa nne darasani hakuondoi tatizo hilo, na ndivyo ilivyo kusakinisha upya.

Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba sheli, yaani programu inayopokea amri tunazoandika na kuzitekeleza, haibahatishi inapotafuta kile tulichokitaja. Ina utaratibu wa kudumu, ulioandikwa, unaoweza kukaguliwa hatua kwa hatua. Nitatumia Python kama mfano mkuu kwa sababu ndiyo inayowasumbua wengi, lakini kanuni ni zile zile kwa Java, Node, Git na programu nyingine yoyote inayoitwa kwa jina.

Utafutaji ulikotoka

Unix ilizaliwa katika maabara ya Bell Labs, Marekani, na sheli yake ya kwanza iliandikwa na Ken Thompson mwaka 1971. Mwaka 1979 toleo la saba la Unix lilikuja na sheli ya Stephen Bourne, na pamoja nayo vigeu vya mazingira: majina yenye thamani ambayo kila programu huyarithi kutoka kwa programu iliyoizindua. Kimojawapo ni PATH, orodha ya saraka ambamo sheli itatafuta amri. Kwa uamuzi huo mtumiaji alipewa uwezo wa kuamua mwenyewe wapi patafutwe, na kwa mpangilio gani.

Sheli zilizofuata zilirithi kanuni hiyo. Bash ilitolewa na Brian Fox mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU. Zsh ilianzishwa na Paul Falstad mwaka 1990, na tangu mwaka 2019 ndiyo sheli ya kawaida kwenye kompyuta za Apple. Uhuru uliotolewa mwaka 1979 ndio unaotuwezesha leo kuwa na matoleo matano ya Python kwenye kompyuta moja bila kugombana. Huo huo ndio chanzo cha mkanganyiko, kwa kuwa anayepanga orodha si mmoja. Mfumo wa uendeshaji una sauti yake, kila kisakinishi kina yake, na mafaili ya mipangilio ya mtumiaji nayo yana yake.

Ngazi ambazo jina hupitia

Wengi wakisikia "amri haipatikani" au "toleo si hili" hukimbilia PATH. Katika bash, PATH ni ngazi ya mwisho. Kabla ya kuifikia, jina hupita mahali kadhaa, na likipata mwenyewe popote pale safari inaishia hapo.

Ngazi ya kwanza ni lakabu, yaani jina fupi ambalo mtumiaji au mfumo umelipa maana nyingine kwa amri `alias`. Mtu aliyewahi kuandika `alias python=python3.8` ndani ya faili lake la `.bashrc` anaweza kusakinisha toleo lolote atakalo. Akiandika `python` atapata 3.8 mpaka mstari ule uondolewe. Baada ya lakabu huja maneno ya sarufi ya sheli yenyewe, kama `if` na `time`. Kisha fanksheni, ambazo ni amri ndogo zilizoandikwa kwa lugha ya sheli. Kisha amri za ndani, ambazo sheli huzitekeleza yenyewe bila kuita faili lolote: `cd`, `echo`, `test` na nyingine. Ndiyo maana `echo` ya bash na ile ya `/bin/echo` zinaweza kutofautiana tabia, ingawa jina ni moja.

Jina likipita ngazi hizo zote bila kuitikiwa, sheli huangalia kumbukumbu yake ya mahali ilipowahi kuikuta amri hiyo. Isipokuwa na kumbukumbu, ndipo inapoingia kwenye PATH.

Liko jambo moja linalofupisha safari hii. Ukiandika jina lenye mkwaju ndani yake, kwa mfano `/usr/local/bin/python3` au `./python3`, hakuna utafutaji. Sheli inakwenda moja kwa moja kwenye faili ulilolitaja. Hiki ndicho kipimo cha kwanza na cha haraka kuliko vyote: ikiwa njia kamili inakupa toleo unalolitaka na jina tupu linakupa jingine, basi usakinishaji wako hauna dosari, na tatizo liko kwenye utafutaji.

PATH: aliyetangulia ndiye mwenye haki

PATH ni mstari wa majina ya saraka yaliyotenganishwa kwa nukta pacha. Sheli huanza kushoto kwenda kulia na kuchukua faili la kwanza lenye jina linalotafutwa na ruhusa ya kutekelezwa. Haipimi tarehe wala kulinganisha namba za matoleo. Python 3.6 iliyo katika saraka ya kwanza itaishinda Python 3.13 iliyo katika saraka ya tatu, kila siku, bila onyo.

Kwa hiyo ni muhimu kujua nani huweka nini wapi. Kwenye Linux, programu za mfumo hukaa `/usr/bin`, na zile ambazo msimamizi anazijenga mwenyewe kwa kawaida huenda `/usr/local/bin`, ambayo hutangulia katika PATH. Programu ambazo `pip`, kisakinishi cha Python, inasakinisha kwa mtumiaji mmoja huwekwa `.local/bin` ndani ya saraka yake ya nyumbani, na saraka hiyo haimo katika PATH ya kila mfumo. Kwenye kompyuta za Apple zenye prosesa za Intel, kisakinishi cha Homebrew huweka vitu vyake `/usr/local`. Apple ilipoanza kutumia prosesa zake yenyewe mwaka 2020, Homebrew ikahamia `/opt/homebrew`. Aliyenakili mafaili yake ya mipangilio kutoka kompyuta ya zamani kwenda mpya bila kuyapitia amebeba ramani ya mahali ambapo hapatumiki tena.

Python yenyewe iliongeza uzito wa jambo hili. Python 3.0 ilitoka Desemba 2008 ikiwa haiendani na ile iliyoitangulia, na Python 2 haikuacha kuhudumiwa hadi 1 Januari 2020. Kwa zaidi ya miaka kumi jina `python` lilikuwa na maana mbili: kwenye mifumo mingi lilimaanisha 2, na kwenye michache lilimaanisha 3. Apple iliiondoa Python 2.7 katika macOS 12.3 mwaka 2022, na hati nyingi zilizotegemea `/usr/bin/python` zikakwama siku hiyo hiyo. Ubuntu, tangu toleo la 20.04, haina amri ya `python` mpaka mtumiaji asakinishe kifurushi cha `python-is-python3`, ambacho kazi yake kuu ni kuweka kiungo cha jina hilo. Atakayefuata maelekezo ya kitabu cha mwaka 2015 kwenye kompyuta ya leo lazima atakutana na pengo hilo.

Kuongeza saraka mpya kwenye PATH nako kuna kosa moja linalojirudia. Anayeandika `export PATH="$PATH:/opt/mpya/bin"` ameiweka saraka yake mwishoni, na kila jina linalopatikana kwingine litaishinda. Akitaka itangulie, sharti aandike `export PATH="/opt/mpya/bin:$PATH"`. Tofauti ni upande mmoja wa nukta pacha, na ndiyo inayoamua toleo.

Hapa pia pana suala la usalama. Katika PATH, nafasi tupu kati ya nukta pacha mbili ina maana ya saraka uliyomo kwa sasa, sawa na nukta moja. Anayeruhusu hilo mwanzoni mwa orodha anaruhusu faili lolote liitwalo `ls`, lililowekwa na mtu mwingine katika saraka ya pamoja, kutekelezwa badala ya `ls` halisi. Ndiyo sababu kwenye Unix programu iliyo ndani ya saraka uliyomo huitwa kwa `./`. Kuandika herufi mbili za ziada ni gharama ndogo kuliko kutekeleza faili la mtu usiyemjua.

Kumbukumbu ya sheli

Kupekua saraka kumi kila amri inapoandikwa ni kazi ya bure, hivyo bash na zsh hukumbuka mahali zilipoikuta amri mara ya kwanza. Kumbukumbu hiyo ni ya dirisha lililo wazi tu; ukilifunga, inapotea. Hapo ndipo inapotokea hali inayowatisha wanaoanza: umetumia `python3` asubuhi, sheli imekumbuka `/usr/bin/python3`, mchana unasakinisha toleo jipya katika `/usr/local/bin`, ambayo inatangulia katika PATH. Kila kitu kiko sawa, ila dirisha lile lile linaendelea kuita la zamani, huku dirisha jipya likiita jipya.

Sura ya pili ya tatizo hilo ni kinyume chake. Ukiifuta programu mahali ilipokuwa, bash itaendelea kwenda kule kule na kurudi na ujumbe kwamba hakuna faili kama hilo, hata kama programu hiyo hiyo ipo katika saraka nyingine ya PATH.

Tiba ni amri moja: `hash -r` katika bash, `rehash` katika zsh. Bash pia hufuta kumbukumbu hiyo yenyewe kila PATH inapopewa thamani mpya. Wanaoshauri "zima kompyuta uwashe" wanatoa tiba inayofanya kazi, lakini aliyeponywa hivyo haambiwi aliugua nini, na wiki ijayo ataugua tena.

Viungo na wakala

Tuseme sasa sheli imelipata faili. Bado hatujafika, kwa kuwa faili hilo linaweza kuwa kiungo kinachoelekeza kwingine. Kwenye Debian na Ubuntu, `/usr/bin/java` ni kiungo kinachokwenda `/etc/alternatives/java`, nacho ni kiungo kinachokwenda kwenye Java halisi. Mpangilio huo unasimamiwa na amri ya `update-alternatives`, na msimamizi anaweza kuhamisha mfumo mzima kutoka toleo moja hadi jingine bila kugusa PATH hata kidogo. Kwa hiyo kujua kwamba "java iko `/usr/bin`" hakusemi lolote kuhusu toleo. Amri ya `readlink -f`, ikipewa njia hiyo, hufuata viungo vyote na kukuonyesha faili la mwisho.

Kundi jingine ni zana za kusimamia matoleo. Hizi zote hutumia ngazi zilizokwisha kutajwa, kila moja kwa mtindo wake. Pyenv huweka saraka ya wakala mwanzoni mwa PATH. Ndani yake mna hati ndogo yenye jina `python`, ambayo ikiitwa huangalia toleo lililotajwa katika kigeu cha PYENV_VERSION, kisha faili la `.python-version` katika saraka uliyomo au za juu yake, halafu mpangilio wa jumla, na ndipo humwita mhusika. Matokeo yake ni kwamba amri ile ile, katika dirisha lile lile, inaweza kutoa matoleo mawili kwa sababu tu umehama kutoka saraka moja kwenda nyingine. Nvm, ya Node, ni fanksheni ya sheli inayobadilisha PATH ya dirisha lililopo. Dirisha jipya hurudi kwenye toleo lililowekwa kuwa la kawaida.

Mazingira pepe ya Python ni rahisi zaidi ya yanavyodhaniwa. Hati ya `activate` kazi yake kubwa ni kuitanguliza saraka ya `bin` ya mazingira hayo mbele ya PATH na kufuta kumbukumbu ya sheli. Njia ya saraka hiyo imeandikwa ndani ya hati kikamilifu, tangu siku mazingira yalipoundwa. Ukilihamisha au kulibadilisha jina folda la mradi, hati itatanguliza saraka ambayo haipo tena. Jina la mazingira litaonekana mwanzoni mwa mstari wa amri kama kawaida, na mtumiaji atajiona yumo ndani, huku `python` inayoitika ikiwa ya mfumo. Alama ya kwenye mstari wa amri inasema tu kwamba hati iliendeshwa. Ushahidi wa kweli ni njia ya faili linaloitika. Dawa ni kuyaunda mazingira upya mahali papya.

Kompyuta moja, mazingira mengi

Kila programu inarithi nakala ya vigeu vya mazingira kutoka kwa iliyoizindua, na haiwezi kuvibadilisha vya mzazi wake. Sentensi hiyo inaeleza malalamiko mengi ya aina ya "kwangu inafanya kazi, kule haifanyi".

Kwanza, dirisha lililofunguliwa kabla ya mabadiliko halitayajua mabadiliko hayo. Vivyo hivyo kihariri cha msimbo kilichozinduliwa asubuhi kinabeba PATH ya asubuhi, na terminali iliyomo ndani yake inaweza kuirithi.

Pili, sheli husoma mafaili tofauti kulingana na ilivyoanzishwa. Bash ya kuingilia mfumo husoma `.bash_profile`, au `.profile` ikiwa la kwanza halipo. Bash ya mazungumzo isiyo ya kuingilia husoma `.bashrc`; bash inayoendesha hati haisomi hata moja kati ya hayo. Katika zsh kuna `.zshenv`, `.zprofile` na `.zshrc`. Kwenye macOS, faili la mfumo `/etc/zprofile` huita programu ya `path_helper`, ambayo huzitanguliza saraka za mfumo na kuzisukuma nyuma zile zilizokwisha kuwekwa. Aliyepanga PATH yake ndani ya `.zshenv` atakuta mpangilio umepinduliwa, na hakuna ujumbe utakaomwambia. Afadhali auweke ndani ya `.zprofile` au `.zshrc`, ambayo husomwa baadaye.

Tatu, `sudo`. Kwenye Ubuntu na Debian, mipangilio ya sudo ina orodha yake ya saraka iitwayo `secure_path`, inayochukua nafasi ya PATH ya mtumiaji. Ni kinga nzuri: mtu asiweze kupenyeza programu yake ikatekelezwa kwa mamlaka ya msimamizi. Matokeo yake, `python3` na `sudo python3` zinaweza kuwa programu mbili tofauti kabisa, na maktaba uliyoisakinisha katika moja isionekane katika nyingine.

Nne, kazi za ratiba. Cron kwenye Debian huanza na PATH fupi ya `/usr/bin:/bin`. Hati inayokwenda vizuri ukiiendesha kwa mkono inakufa usiku wa manane, au mbaya zaidi, inaendelea kwa toleo jingine na kuharibu matokeo kimyakimya. Katika hati za cron, kuandika njia kamili ni wajibu.

Windows na kanuni zake

Windows ina PATH pia, inayotenganishwa kwa nukta-mkato, lakini ina tabia zake. Sheli ya cmd huangalia saraka uliyomo kabla ya PATH, jambo ambalo PowerShell imekataa kulifanya. Kigeu cha PATHEXT huorodhesha viambishi vya mafaili yanayoweza kutekelezwa, ili ukiandika `python` ipatikane `python.exe`. Na PATH ni mbili zilizounganishwa: ya mfumo hutangulia, ya mtumiaji hufuata. Anayeongeza saraka upande wa mtumiaji ili kuishinda programu iliyo upande wa mfumo hatafanikiwa, hata akiiweka ya kwanza katika orodha yake.

Tangu mwaka 2019, Windows 10 ilikuja na faili la `python.exe` ambalo si Python. Ni wakala linalofungua duka la Microsoft ili mtumiaji aipate Python huko. Likitangulia katika PATH, aliyekwisha kusakinisha Python atashangaa kuonyeshwa duka. Linazimwa katika mipangilio ya Windows, sehemu inayosimamia lakabu za programu. Njia safi zaidi ni kutumia kizinduzi cha `py`: `py -0` huorodhesha matoleo yaliyopo, na `py -3.12` huita lile unalolitaja.

Kuuliza nani anaitika, katika cmd tumia `where python`. Katika PowerShell neno `where` ni lakabu ya amri nyingine ya kuchuja data, hivyo andika `where.exe python`, au bora zaidi `Get-Command python -All`, ambayo huonyesha pia lakabu na fanksheni.

Shahidi wa kuaminika

Kwenye Unix swali hilo huulizwa sana kwa `which`. Ni shahidi dhaifu. Katika bash, `which` ni programu ya nje: inapekua PATH iliyorithi, lakini haijui lakabu, fanksheni wala kumbukumbu za sheli iliyoiita. Inaweza kukuambia faili fulani huku sheli ikitekeleza kitu kingine. Katika zsh ni amri ya ndani, na hapo majibu yake yanaaminika.

Katika bash, mwenye kujua ni sheli yenyewe, na huulizwa kwa `type`. Amri `type python3` inakwambia kitakachotekelezwa sasa hivi, ikiwa ni pamoja na kukuarifu kama jibu limetoka kwenye kumbukumbu. Amri `type -a python3` inaorodhesha wote wenye jina hilo kwa mpangilio wa haki yao, na haiangalii kumbukumbu. Kwa hiyo amri hizo mbili zikipingana, umeshapata ugonjwa: kumbukumbu imepitwa na wakati. Kwa hati zinazopaswa kufanya kazi kwenye sheli yoyote, kiwango cha POSIX kimeweka `command -v`.

Tahadhari moja: katika mifumo mingi ya sasa ya Linux, `/bin` ni kiungo tu cha `/usr/bin`. `type -a` itakuonyesha jina moja mara mbili, na usidhani ni programu mbili.

Shahidi wa mwisho ni programu yenyewe. Python hujitaja ikiulizwa `python3 -c "import sys; print(sys.executable)"`. Na kama programu tayari inafanya kazi nyuma, kwenye Linux kiungo cha `/proc/NAMBA/exe`, ambapo NAMBA ni ya mchakato, kinaonyesha faili lililoanzishwa. Ukikuta mbele yake neno `(deleted)`, maana yake faili lilibadilishwa au kufutwa wakati mchakato unaendelea. Seva imesasishwa diskini, lakini wateja wanahudumiwa na toleo la zamani lililomo kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ikiwa sasisho lilikuwa la kuziba tundu la usalama, tundu bado liko wazi mpaka huduma ianzishwe upya.

Toleo sahihi, wasaidizi wasio sahihi

Kuna hatua moja zaidi. Programu iliyoitika inaweza kuwa ndiyo, lakini wasaidizi wake wakawa wa mwingine. `pip` ni faili linalojitegemea, na mstari wake wa kwanza unataja Python itakayolitekeleza. Likipatikana katika saraka tofauti na ile ya `python3`, maktaba zitakwenda kwa Python moja na msimbo utaendeshwa na nyingine. `pip --version` hutaja Python inayoihudumia, lakini dawa ya kudumu ni kuandika `python3 -m pip install`, inayohakikisha kwamba anayesakinisha ndiye atakayetumia.

Java ina mfano wake. Amri `java -version` hufuata PATH, ilhali Maven, zana ya kujenga programu za Java, hufuata kigeu cha JAVA_HOME ikiwa kimewekwa. Mtu anaweza kuona Java 21 kwenye jibu la kwanza na Java 11 kwenye `mvn -version`, zote mbili zikisema kweli.

Tiba zinazoua mgonjwa

Ukiwa na haraka ni rahisi kufuata ushauri wa kufuta `/usr/bin/python3` au kukibadilisha kiungo chake kielekee toleo jipya. Kwenye Linux huo ni ushauri wa hatari. Zana nyingi za mfumo zimeandikwa kwa Python na zinategemea toleo lile lile ambalo mfumo ulikuja nalo. Ukiliondoa, unaweza kupoteza hata uwezo wa kusasisha mfumo. Kuendesha `sudo pip install` kuna hatari ya aina hiyo hiyo, ndiyo maana jamii ya Python ilipitisha PEP 668, na Debian 12 ikaanza kukataa kusakinisha kwa pip ndani ya Python ya mfumo. Wapo wanaoona katazo hilo kama usumbufu na kulivunja kwa chaguo la `--break-system-packages`. Jina la chaguo hilo linasema wazi linachofanya, na anayelitumia asitegemee huruma ya mfumo baadaye. Python ya mfumo iachiwe mfumo. Kazi zako ziundie mazingira pepe.

Utaratibu ninaoutetea ni mfupi. Ita programu kwa njia kamili, uone kama toleo ulitakalo lipo na ni zima. Uliza `type -a`, usome orodha yote badala ya mstari wa kwanza pekee. Linganisha na `type` bila `-a`, na ukiona tofauti tumia `hash -r`. Fuata viungo kwa `readlink -f`. Tazama PATH kwa macho yako kwa `echo "$PATH"`, ukijiuliza nani aliiweka kila saraka. Halafu rudia maswali hayo ndani ya mazingira yale yale yenye kosa: ndani ya cron kama kosa liko cron, chini ya sudo kama liko chini ya sudo, ndani ya kihariri kama liko huko. Uchunguzi uliofanywa mahali pengine hutoa majibu ya mahali pengine.

Yote haya yanachukua dakika chache na hayatumii hata kilobaiti moja ya bando. Ndiyo maana naamini yanapaswa kufundishwa somo la kwanza, kabla mwanafunzi hajaambiwa apakue chochote. Kozi nyingi huanza na "sakinisha hiki, kisha kile", na kumwacha mwanafunzi akiwa na kompyuta iliyojaa programu zenye majina yanayofanana, bila njia ya kujua ipi inafanya kazi. Akifundishwa kwanza kuuliza nani anaitika, kila ujumbe wa kosa atakaokutana nao baadaye utakuwa na mahali pa kuanzia, na hatamtegemea mtu mwingine kumwambia afute kila kitu aanze upya.